Mwaka Mama Alipohamisha Bustani

Arobaini ya Mama tumeimaliza juzi. Watu wamesoma, wamekula pilau, wamefungiwa na ya kupeleka majumbani, nyumba ikabaki na sisi wawili tu, mimi na dada yangu Hadija, na masufuria makubwa ya kukodi yanayosubiri kusuguliwa. Viti vya plastiki vilikuwa vimejaa barazani, lakini sisi tukaenda kukaa uani, mmoja kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mwingine kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Uani kwetu, hapa Mtaa wa Sikukuu, siku hizi ni shimo. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma kuna lingine linapanda, jua linatuchungulia saa sita mchana halafu linakwenda zake. Huko juu wanaofungua mizigo ya vitenge wanatumwagia maboksi na mifuko ya nailoni, ukipiga kelele wanakwambia samahani mama, kesho wanarudia. Madalali wamekuja hapa mpaka wamechoka. Mama alikuwa akiwaambia, “Mimi sioni baba, mkinipeleka huko Chanika kwenye viwanja vyenu nitagonga kila mti.” Wao wakacheka wakidhani bibi ana utani. Utani wapi! Mama amekaa kipofu ndani ya nyumba hii miaka mingi kuliko ile aliyokaa anaona, na huu uani alikuwa anautembea bila fimbo, kikombe cha chai mkononi, kwa sababu aliupanga mwenyewe mwaka ule macho yalipokuwa yanamwacha. Kwetu ukisema “mwaka ule” hakuna anayeuliza ni upi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri majibu, sina kazi ila kutumwa. Sasa bustani nikiitaja msije mkafikiria makubwa. Kilikuwa kipande cha ardhi kati ya jiko na choo, pale yanapopita maji ya kuogea kabla hayajaingia mferejini, pamoja na makopo ya rangi na pipa moja lililokatwa katikati. Humo kulikuwa na mchicha, matembele, pilipili mbuzi, mrehani na mchaichai, na ilikuwa ni nadra sisi kununua mboga ya majani pale sokoni ingawa soko lenyewe tungeweza kulipigia kelele likaitika. Asubuhi moja nikamkuta Mama amejifunga kanga kiunoni anang'oa kila kitu. Mchaichai uliokuwa ukutani anaupanda ukingoni mwa mfereji, mstari mzima. Mrehani anaupeleka mlangoni mwa choo. Pilipili anazitoa njiani anazitupa kule mwisho kabisa, na lile pipa la mchicha tunalivuta wote wawili mpaka usawa wa mlango wa jiko. “Mama, mrehani na choo wapi na wapi?” nikamuuliza. “Unanuka vibaya?” “Haunuki vibaya, lakini...” “Basi lakini zako kamwambie mwalimu wako. Shika jembe.” Mama Neema, mpangaji wetu, Mngoni wa Songea aliyekuwa akikaanga samaki anaowachukua Feri alfajiri, akatoka chumbani kwake na karai mkononi, akasimama, akashika kiuno. “Mama Hadija, bustani inahama? Umeipandishia kodi?” Wakacheka sana, mimi pia nikacheka. Nilidhani ni zile kazi za watu wazima za kutafuta tu jasho.

Siku chache baadaye nilikuwa uani naosha vyombo. Mama akatoka ndani akiwa na furaha zake, akaelekea kwenye kamba ya nguo. Gauni la Mama Neema, lile la zambarau la kanisani, lilikuwa limeanikwa limejaa upepo. Mama akasimama mbele yake. “Umeamkaje mwenzangu? Leo hukwenda Feri?” Gauni likanyamaza. “Mama Neema, si nakusalimia?” Mimi nikaangua kicheko, nikijua Mama kaamua kunichekesha, mpaka nilipouona uso wake. Alinyoosha mkono taratibu, akaigusa nguo, akaishika mkono wake mtupu, akaiachia. Sijapata kuona mtu mzima ameaibika vile mbele ya gauni. Akasema bila kugeuka, “Mwaju, osha mikono uje ndani.”

Chumba cha Mama kilikuwa cha kwanza kulia ukiingia koridoni. Kitanda cha besera, kabati la vyombo vya maua visivyotumika, vitambaa alivyofuma mwenyewe juu ya kila kitu, hata juu ya redio, na pembeni kikapu chake cha ukindu, yale majani makavu ya mkindu anayoyatia rangi na kuyasukia mikeka. Akafunga mlango. Akaniambia macho yake yanaondoka. Alikwenda hospitali peke yake, wakamwambia ni presha ya macho, kilichokwisha kwenda hakirudi, wakampa dawa ya matone ya kuchelewesha kilichobaki. Chupa alikuwa ameificha humo humo kwenye ukindu. “Naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo,” alisema, “na tundu lenyewe lina moshi.” Nikaanza kulia, akanikemea. “Usinililie mimi, sijafa.” Nikamuuliza kama Baba anajua. “Baba yako yuko njiani na lori. Nimwambie ili agonge watu?” Na Hadija? Hapo ndipo alipokaa kitandani.

Dada Hadija alikuwa ameolewa Temeke, anakaa kwa mama mkwe wake, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeshaanza kuonekana. Kwetu mimba ya kwanza mtoto anarudi kwao. Anazalia mikononi mwa mama yake, mama ndiye anayempokea mtoto, anamkanda mzazi kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, mpaka arobaini itoke ndipo arudi kwa mume. Lakini Mama Rajabu, mkwe wake, alishaanza kusemasema kwamba Kariakoo kuna kelele na vumbi, kwamba kwao Temeke kuna nafasi. “Wakisikia sioni, wana haki,” Mama alisema. “Nani atamwachia kipofu mtoto mchanga na maji ya moto? Atazalia huko, na mimi nitaletewa habari. Mwaju, mjukuu wangu wa kwanza mimi nataka nimwone. Unanisikia? Nimwone sura yake kwa hiki kitundu kilichobaki. Baada ya hapo macho yaende yanakotaka, sitayadai.” Akanishika mkono. “Toka leo macho yako ni ya kwangu. Mdomo wako ufunge.”

Basi nikawa na adabu ambayo sijapata kuwa nayo kabla wala baada. Mtu akitokea tu mlangoni mimi nimeshapiga ukelele, “Shikamoo Mama Neema!” “Shikamoo bibi wa maandazi!” “Karibu mjomba, karibu na kapu lako!” ili Mama ajue aliyeingia ni nani na kashika nini. Mtaa mzima ukanisifu. Wanawake wakawaambia watoto wao mtazameni Mwaju, amelelewa yule. Mama naye alijua kuigiza. Mtu akimwonyesha kitu alikishika kwanza, akakigeuzageuza, akasema, “Mh! Kizuri, umekipata wapi?” na mwenye kitu mwenyewe ndiye anayekieleza mpaka mwisho. Mchele tulichagua pamoja, yeye kwa vidole, mimi nafuata nyuma. Uani sasa nikauelewa. Mchaichai ukimkwaruza miguu anajua mfereji uko mbele. Harufu ya mrehani, mlango wa choo. Akigusa pipa la mchicha anageuka kushoto, jiko hilo. Na pilipili zilipelekwa mbali zisije zikaingia mikononi akajipangusa nazo macho. Alikuwa ameyafanya yote hayo wakati bado anaona kidogo, bila kumwambia mtu, huku akitaniwa.

Mikeka ndiyo iliyokuwa na shida. Ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kabla ya kushonwa ukawa mkeka, vidole vya Mama vilikuwa vinausuka vyenyewe, angeweza kusuka huku anasinzia. Rangi ndiyo vidole haviijui. Kwa hiyo tukafunga mafungu kwa namna tofauti. Jekundu tulilifunga kwa kitambaa, la kijani kwa katani, la zambarau kwa utepe wa nailoni, jeusi kwa uzi wa nyavu, na jeupe halikufungwa. Akipapasa tu anajua. Alikuwa anasuka mkeka wa arobaini, ule ambao Hadija angekaa juu yake na mtoto siku ya kutolewa nje, na wanawake wote wa pande mbili wangeutazama. Alikuwa akiketi nao sakafuni mchana, miguu ameinyoosha, dirisha wazi, makelele ya wapagazi na wauza mitumba yakiingia na vumbi lao. Nikiukumbuka mwaka ule mambo mengi yananiuma, lakini zile saa za mchana, yeye anasuka na mimi namchania ukindu, tunasengenya watu kwa sauti ya chini, zile ningeomba nirudishiwe.

Hadija akaletwa mimba ilipofika mwezi wa saba. Alikuja na sanduku, mto wake mwenyewe na uvivu wa ajabu, analala mpaka jua linamkuta, akiamka anataka embe bichi na chumvi. Tulifurahi jamani. Nyumba ikawa na vicheko. Mama akimpikia matembele ya nazi, akimsugua mgongo, akimwimbia nyimbo za kumchokoza za tumbo lililotangulia mlangoni. Hadija hakutambua kitu, au alitambua akafikiri ni uzee. Tatizo lake yule dada yangu ni usafi. Siku moja nilikuwa nimetumwa Mchikichini kutafuta nguo za kichanga kwenye mitumba, naye akaona kikapu cha Mama kimekaa ovyo, vitambaa, katani, nyuzi za nyavu, uchafu mtupu. Akafungua mafungu yote. Akayapanga vizuri, akalifunga kila moja kwa utepe mzuri wa nailoni. Alivyokuwa na mapenzi, akanunua na utepe wenyewe. Mama akaendelea kusuka. Kila fungu alilolishika lilimwambia ni zambarau, na kumuuliza Hadija ni kujifichua, basi akakisia kwa mahali lilipokaa kikapuni. Nilipokuja kuuona ule ukili, ulikuwa umeshakwenda mbali. Maua yameanza mekundu yanamalizika meusi. Kijani kinakuja vizuri halafu zambarau linakiingilia katikati kama mlevi kwenye harusi ya watu. Nikamwambia kwa kumnong'oneza. Akaupitisha ukili wote mikononi, toka mwanzo mpaka mwisho, kana kwamba vidole vingeweza kuusahihisha. “Tufumue?” nikauliza. Akatikisa kichwa. “Muda hautoshi. Acha.”

Na ndiyo wiki aliyokuja Mama Rajabu. Sasa Mama Rajabu si mtu wa kudanganywa kwenye mikeka, maana yeye ni wa Kilwa, kasuka toka utotoni. “Shikamoo Mama Rajabu! Karibu na kapu lako la nazi!” nikapiga ukelele mpaka mwenyewe akashtuka. Akaingia, akaketi, akamkagua mkaza mwana wake, akaridhika. Halafu akauona ukili. Akauchukua, akaukunjua mapajani, akauvuta taratibu. Akautazama muda mrefu. Akamtazama Mama, Mama akatabasamu pembeni kidogo ya pale mgeni alipokuwa. “Dada,” akasema Mama Rajabu, “huu mtindo gani?” “Wa mjini huo,” Mama akajibu bila kusita. “Nyie Temeke utawafikia mwakani.” Hadija akacheka, mimi nikacheka kwa woga, na Mama Neema kule mlangoni, ambaye alikuwa anasikiliza kama kawaida yake, akasema na yeye anautaka wa namna hiyo hiyo, amechoka na maua yanayofanana. Mama Rajabu akaukunja ukili, akaurudisha kikapuni.

Tulimpakulia. Wali, mchuzi wa nguru, mchicha wa nazi uliochumwa pipani. Tulikula kwenye sinia moja sakafuni, na mimi nilikuwa na kazi ya kumsogezea Mama vinono upande wake kwa ujanja. Nikaona siyo mimi peke yangu. Mama Rajabu alikuwa anaichambua minofu ya samaki, anatoa miiba, anaisukuma mbele ya mkono wa Mama, huku anazungumza habari nyingine kabisa, habari za bei ya ukindu na harusi ya mtu fulani. Hakukosea hata mara moja. Alipoaga nikamsindikiza koridoni. Akasimama kuvaa viatu, akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, chai asimimine yeye. Ataungua.” “Mimi sijasema kitu,” akaendelea, “na wewe hujasikia kitu. Hadija atazalia hapa.” Akaondoka zake na kapu tupu. Sikumwambia Mama. Niliona angevunjika moyo akijua kaonekana.

Mwezi wa mwisho Hadija alipendeza. Ndivyo tulivyosema, mtaa mzima, kila aliyeingia. Uso ulimjaa, ukang'aa, mashavu yakawa kama maandazi yaliyoumuka, na wanawake wakasema mashallah, mimba imemkubali, mtoto wa kike huyo anampa mama uzuri. Kichwa kilikuwa kinamuuma akasema ni moshi wa samaki wa Mama Neema. Jioni Mama alimkanda miguu, na vidole vyake viliona. “Hadija, miguu imejaa hii. Nikibonyeza panabaki shimo.” “Ni ya kukaa tu, Mama. Kliniki keshokutwa, nitawaambia.” Kisha Mama ananiuliza mimi pembeni, kila siku ya Mungu, “Mwaju, mwanangu yukoje leo usoni?” Na mimi nasema kwa furaha yangu, “Kapendeza Mama. Kanawiri.” “Alhamdulillahi.” Sijilaumu, nilikuwa mtoto, na watu wazima wenye macho mazima walisema hivyo hivyo, kwetu uso ukijaa ni neema. Ila neno kapendeza mpaka leo silitumii. Wajukuu zangu wakivaa nguo mpya nawaambia imewakaa.

Keshokutwa yenyewe haikufika. Asubuhi Hadija alikuwa ameinama kwenye mchicha anachuma, akasema, “Mama, naona nyota,” akaanguka, akaanza kutapatapa kati ya makopo. Mama akakimbilia sauti, akagonga pipa, akapiga magoti akamshika kichwa. “Mwaju, ana nini? Niambie ana nini!” Mama Neema ndiye aliyepiga kelele kwamba ni kifafa cha mimba, dada yake aliondoka nacho, akatupa karai, akaenda kusimamisha teksi barabarani kwa kujitupa mbele yake. Hospitali wakampasua wakamtoa mtoto. Wa kiume. Alilia, tulimsikia sote kule nje, sauti ndogo yenye hasira, na Mama akasema, “Huyo!” akanifinya mkono mpaka nikaumia. Mtoto hakufika adhuhuri. Hadija mwenyewe alikuwa hajitambui, hajui kama kazaa. Rajabu, yule mume wake kijana, akaja kutuambia habari ya mtoto huku ameshikilia ukuta, na mama yake akatoka nyuma yake, akamkumbatia Mama. “Nenda nyumbani ukampokee mjukuu wako,” akamwambia. “Mimi nitakaa na mwana wetu huku.” Na huko ndiko kumpokea kwenyewe.

Alioshwa chumbani kwa Mama. Walitandika jamvi, wakaleta maji, na Mama akasema anamwosha yeye na Mwaju ammiminie, wengine watoke. Jina lake Shabani, Rajabu alimpa. Nilimweka mapajani mwa Mama kama nilivyoelekezwa. Mama akainamisha uso karibu kabisa na ule uso. “Fungua dirisha,” akasema, “mwanga hautoshi.” Dirisha lilikuwa wazi. Jua la alasiri lilikuwa limemwangukia mtoto kifuani. Sikuthubutu kumwambia. Mama akasubiri, akaweka kiganja juu ya kifua kile, akaliona jua kwa joto lake, na nikamwona anaelewa. Kitundu kilikuwa kimeziba, sijui siku ile, sijui wiki ile, hakupata kuniambia. Hakulia. Alianza kumwosha. Vidole vilipita kwenye paji, vikashuka nyusi moja moja, pua, midomo, vikazunguka masikio na nyuma ya masikio, vikarudi tena juu vikaanza upya, na mimi namimina maji kidogo kidogo kutoka kwenye birika. “Pua ya kina Rajabu hii,” alikuwa akisema peke yake. “Kidevu cha kwao.” Nikafungua mdomo, “Mama, hapana, huyu...” “Nyamaza, Mwaju,” akasema, wala hakuwa mkali. “Namwona.” Nikaendelea kumimina.

Wanaume wakamchukua makaburini Kisutu kabla ya magharibi. Wakati wa kutoka pale chumbani Mama alitafuta mlango kwa mikono miwili mbele ya watu wote, hakujali tena, na kila mtu akaona. Wanawake walipoketi koridoni yakaanza. Mimi nilikuwa jikoni, ukuta wa mabanzi, unasikia kila kitu. “Kumbe haoni?” “Haoni toka lini?” “Sasa mwana anavimba hivi mama yake hamwoni, si ndiyo balaa hili?” “Angemwachia mwenzake Temeke, mwenye macho.” Mama alikuwa amekaa chumbani, mlango wazi, anayasikia kama mimi. Mara nikasikia kimya. Mama Rajabu alikuwa ameingia kutoka hospitali, yuko na viatu mkononi. “Nani aliyekuwa anasema?” Akaviweka viatu chini. “Mimi nilijua kama haoni. Nilijua nikamwacha na mwana wangu nikaenda zangu, na nilimtazama Hadija usoni kwa macho haya nikasema kapendeza. Kama kuna lawama nigaieni na yangu.” Akaingia chumbani kwa Mama, akafunga mlango, na ndipo kwa mara ya kwanza tukamsikia Mama analia, na yule mwingine analia, wawili hao, mpaka ikabidi tupeleke taa.

Hadija alizinduka baada ya siku kadhaa, akauliza mtoto yuko wapi. Yeye ndiye hakumwona kabisa, hakumgusa, hakumsikia ile sauti. Aliporudi nyumbani amekonda, uso umempungua umekuwa wake tena, Mama alimkanda kwa maji ya moto kama mzazi yeyote, sikukosa kupima maji kwa mkono wangu kwanza, akampikia uji wa pilipili manga, akamfunga tumbo. Na huku anamkanda anamsimulia. Alikuwa hivi na hivi. Nywele nyingi, laini. Vidole virefu. Rajabu huyo, pua mpaka kidevu. Kisha akaanza kumpa na yale ambayo mikono haiyajui, kwamba alikuwa maji ya kunde, kwamba chini ya jicho alikuwa na kidoa kidogo. Mimi nilikuwa nashika beseni, nasikiliza. Hadija alikuwa anayala maneno yale kuliko uji. Miaka yote iliyofuata, hata alipohamia Mtwara na Rajabu wakazaa wengine, akija lazima jioni moja amlalie Mama mapajani na mvi zake aseme, “Mama, nipe Shabani,” na Mama ampe. Ule ukili haukushonwa. Mama alisuka mpaka mwisho wa maisha yake, lakini mikeka myeupe tu, isiyotiwa rangi.

Basi juzi, na masufuria yale, Hadija alikuwa anasugua lake kwa majivu, kanipa mgongo. Akaacha kusugua. “Mwaju.” “Abee.” “Wewe ulimwona.” Sikumuuliza nani. “Mama keshakufa, hakuna wa kuudhika,” akasema. “Mama alimwona kwa mikono, Mungu amrehemu, nilikuwa najua toka zamani kwamba mengine ananitengenezea. Nilikuwa nayataka hivyo hivyo. Lakini sasa niambie wewe. Alifanana na Rajabu kweli?”

Nilitamani kukataa. Nimeubeba uso ule toka nina miaka ya kuchezea kombolela, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaweka sufuria chini.

“Hakuwa na hata chembe ya Rajabu,” nikamwambia. “Alikuwa Mama. Mama mtupu. Paji lile lile, mdomo ule, mpaka kile kikunjo cha katikati ya nyusi akikasirika. Nilidhani nimemshika Mama kafanywa mdogo.”

Hadija akageuka, mikono imejaa majivu. “Na yeye hakujua?”

“Nilitaka kumwambia pale pale. Akanikataza. Alisema anamwona.”

Machozi yalimtiririka wala hayapangusi, ananitazama mimi kama vile uso wenyewe uko kwangu. Halafu akavuta pumzi, akajifuta kwa kiwiko, akavuta sufuria lake karibu.

“Basi sasa huko aliko keshamwona,” alisema.